Barua kwa Mhariri: Stakabadhi zilizoruka namba

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja lililoandikwa katika ukurasa wenu wa teknolojia, katika makala iliyokuwa ikiwafundisha vijana kuandika programu kwa lugha ya Java. Mwandishi, ambaye Kiswahili chake nakisifu, alieleza kwamba uga wowote, yaani sehemu ya kuhifadhia thamani ndani ya programu, ukitangazwa kwa neno private unakuwa umefungwa, na kwamba programu nyingine haiwezi hata kujua kuwa upo. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo sina ugomvi nayo. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa kuwa niliwahi kuiamini vivyo hivyo, na imani hiyo ikamtia mashakani mtu asiye na kosa.

Wakati huo nilikuwa nikitunza programu ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkulima akifikisha gunia lake mzanini, karani huingiza kilo kwenye kompyuta, na printa humtolea stakabadhi yenye namba. Namba zilifuatana vizuri misimu miwili, moja baada ya nyingine, bila pengo. Kisha uongozi ukaomba kila mkulima apelekewe pia ujumbe wa simu, nami nikaongeza kipande kidogo cha programu kinachoichukua stakabadhi, kuigeuza kuwa maandishi ya JSON, muundo ambao programu mbalimbali huutumia kupeana taarifa, na kuituma kwenye seva ya ujumbe. Kilikuwa na mistari kama kumi na miwili hivi, nikakijaribu jioni, nikaenda kulala.

Kuanzia asubuhi yake namba zikaanza kuruka: 1041, 1043, 1045. Mkaguzi wa hesabu alipopita mwisho wa mwezi hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza stakabadhi namba 1042 na 1044 ziko wapi, na nani aliyezichana. Katika ushirika stakabadhi isiyoonekana maana yake ni fedha isiyoonekana, na mtu wa kwanza kuulizwa ni yule anayekaa mzanini. Karani, mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla kompyuta haijafika, alitakiwa kuandika maelezo.

Nilichunguza printa, nikachunguza hifadhidata, nikaulaumu umeme. Mwishowe nikatafuta ndani ya programu nzima kila mahali palipoita mbinu ya kutoa namba, yaani kile kipande cha programu nilichokuwa nimekipa jina getNambariInayofuata(). Mbinu hiyo niliiweka ndani ya klasi ya Stakabadhi, yaani kiolezo ambacho kila stakabadhi hutengenezwa kwacho, nayo ilifanya mambo mawili: iliongeza moja kwenye kihesabuji na kurudisha namba mpya. Iliitwa mahali pamoja tu, mara moja tu, stakabadhi inapoandaliwa. Hapakuwa na mstari mwingine niliouandika mimi uliokuwa ukiigusa, na hata hivyo kihesabuji kilikuwa kikisogea mara mbili kwa kila mkulima.

Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe wenyewe, ambao sikuwahi kuusoma wote kwa sababu simu ilionyesha sehemu yake tu. Nilipoufungua kwenye kumbukumbu za seva nikakuta hivi: {"kilo":46.5,"nambari":1041,"nambariInayofuata":1042}. Ile stakabadhi iliyodhaniwa kuchanwa ilikuwa imelala pale. Maktaba niliyoitumia kutengeneza JSON, yaani programu iliyoandikwa tayari na wengine, ilikuwa imeikuta mbinu ile yenyewe, bila mimi kuitaja popote, ikaiita, ikachukua jibu, na katika kuiita ikakisogeza kihesabuji.

Sasa nieleze ilivyoikuta, kwa kuwa hapo ndipo makala yenu ilipoteleza. Maktaba ya namna hiyo iliandikwa na watu wasionijua, miaka mingi kabla klasi ya Stakabadhi haijazaliwa, na kwa hiyo haiwezi kuwa na orodha ya sifa za stakabadhi. Inachofanya ni kuiuliza objekti yenyewe, yaani stakabadhi moja moja iliyotengenezwa kwa klasi ile, programu ikiwa tayari inaendeshwa: wewe ni wa klasi gani, na klasi yako ina mbinu zipi zilizo wazi kwa umma? Uwezo huo wa programu kujitazama yenyewe ndio uitwao rifleksheni. Ikishapewa majina ya mbinu, inayapitia moja baada ya jingine kwa kanuni ambayo katika Java ni ya zamani. Mbinu ikiwa ya umma, isiyo ya static (yaani si ya klasi nzima bali ya objekti moja moja), isiyodai kupewa kitu chochote, inayorudisha thamani, na jina lake likianza na get, basi hiyo ni geta, mbinu ya kusomea, na nyuma yake kuna sifa. Ikianza na set, ikapokea kitu kimoja na isirudishe kitu, hiyo ni seta, mbinu ya kubadilishia. Kisha kiambishi kinakatwa, herufi ya kwanza iliyobaki inafanywa ndogo, na jina la sifa linapatikana: getNambari inatoa nambari.

Msomaji aliyewahi kufundishwa kutumia kamusi ataona hapa jambo analolijua. Mwanafunzi anayetafuta maana ya “wanasoma” haendi kwenye herufi W. Anavua wa-, anavua -na-, anafungua kamusi kwenye “soma”. Java inavua get na kuamini kwamba kilichobaki ni mzizi.

Kanuni hii haikubuniwa kwa ajili ya JSON. Ililetwa na kampuni ya Sun Microsystems pamoja na utaratibu wa JavaBeans, katika toleo la 1.1 la Java lililotoka Februari 1997, toleo lile lile lililoleta rifleksheni yenyewe katika maktaba za Java. Kusudi lake lilikuwa vyombo vya kuchora madirisha: unaburuta kitufe, unakibwaga kwenye ukurasa, na pembeni panajitokeza orodha ya sifa zake, rangi, maandishi, ukubwa, ili uzibadilishe bila kuandika programu. Chombo cha kuchorea hakikukijua kitufe kilichotengenezwa jana na mtu mwingine, hivyo kilihitaji namna ya kukihoji. Klasi iitwayo Introspector, iliyomo katika java.beans, ndiyo iliyopewa kazi hiyo na bado inaifanya. Watu wa C# walifika baadaye, mwaka 2002, wakaifanya sifa kuwa kitu halali ndani ya lugha, chenye neno lake na alama zake, na kwa hiyo hakuna haja ya kuibahatisha kwa kutazama herufi tatu za mwanzo wa jina. Kwa maoni yangu wao walifanya vizuri zaidi. Sisi tunaotumia Java tunaishi na desturi, na desturi inafaa kwa anayeijua.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kosa la makala lilikuwa kudhani kwamba sifa na uga ni kitu kimoja. Sifa hugunduliwa kwa kutazama mbinu, na uga hauulizwi kabisa. Klasi ya Mkulima inaweza kuwa na uga mmoja tu wa private uitwao tareheYaKuzaliwa, usio na geta, na pembeni mbinu getUmri() inayopiga hesabu ya miaka. Anayeihoji klasi hiyo kwa Introspector ataambiwa kuna sifa iitwayo umri, ambayo haina uga wowote nyuma yake, na hataambiwa lolote kuhusu tarehe. Kinyume chake, uga uitwao nywila unaweza kufungwa kwa private na bado ukatoka nje mzima mzima, kwa sababu tu kijana alibofya ile amri ya kihariri inayozalisha geta na seta za nyuga zote kwa mkupuo. Nimekagua programu za wanafunzi wengi, na karibu kila mara getNywila() imo, na ukimuuliza aliyeiandika ni nani anayeihitaji, anatazama dari.

Upo pia mlango wa pili, ambao sitakaa nao sana hapa. Rifleksheni inaweza kuufikia hata uga wa private usio na geta, kwa amri ya setAccessible(true). Tangu Java 9 mlango huo umekuwa ukibanwa, na kuanzia toleo la 16 la mwaka 2021 sehemu za ndani za Java yenyewe zimefungwa kwa kawaida, lakini kwa klasi zako mwenyewe ambazo hukuziweka ndani ya moduli (fungu la klasi lenye mipaka yake), bado uko wazi. Neno private linamzuia mwenzako asikosee wakati wa kuandika. Halikuwekwa kuwa sanduku la siri.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna sababu za ziada za kuielewa kanuni hii. Mtu anayeipenda lugha yake ataandika pataSalio() na wekaSalio(), na mbinu zake zitafanya kazi bila dosari mradi aziite mwenyewe. Lakini akiikabidhi objekti yake kwa maktaba, JSON itatoka tupu, {}, au itatoka lalamiko kwamba hakuna sifa iliyoonekana, kwa sababu Introspector na ndugu zake hawajui kwamba “pata” ni “get”. Tiba zipo. Kama klasi yako ni Akaunti, unaweza kuandika pembeni klasi iitwayo AkauntiBeanInfo, na ndani yake kutamka wazi kwamba sifa salio inasomwa kwa pataSalio na kuandikwa kwa wekaSalio. Introspector hutafuta kwanza klasi yenye jina hilo kabla ya kuanza kubahatisha. Ukitumia Jackson, ambayo ni maktaba maarufu ya JSON katika Java, unaweka alama ya @JsonProperty("salio") juu ya mbinu na mambo yanaisha. Wengi wetu tunachagua njia ya tatu, getSalio, kiambishi cha kigeni juu ya mzizi wa kwetu. Wapo wanaoona jambo hilo ni aibu. Mimi sioni aibu, kwa kuwa lugha yetu imefanya hivyo siku zote kwa upande wa pili, ikachukua mzizi wa kigeni na kuubandika kiambishi chetu, tukapata “kuprinti” na tukaendelea na kazi.

Lakini kuna mtego ambao sijauona ukielezwa popote kwa Kiswahili. Kwa thamani za ndiyo au hapana, yaani zile za aina ya boolean, Java inakubali geta inayoanza na is badala ya get. Na Introspector, inapokagua kiambishi, haiangalii kama herufi inayofuata ni kubwa. Inatazama tu kama jina linaanza na herufi hizo. Andika mbinu ya umma iitwayo ishara(), inayorudisha boolean, labda kwa ajili ya taa ya barabarani, na Introspector itakuambia kwamba objekti yako ina sifa iitwayo hara. Mimi iliniletea kicheko ofisini siku nzima, lakini kwenye ripoti inayokwenda kwa mteja haichekeshi. Vivyo hivyo mbinu geti(), inayorudisha namba ya geti la kituo cha mabasi, itatoa sifa iitwayo i.

Kabla hatujaicheka Java, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tulilipokea neno la Kiarabu kitab, ambalo ki yake ni sehemu ya neno lenyewe, tukaiona ki- hiyo kuwa kiambishi na tukatengeneza “vitabu”. Madereva wa Tanzania wakaona kibao cha Kiingereza cha “keep left” kwenye mzunguko wa barabara wakapata kipilefti, na mizunguko ikiwa miwili ikawa vipilefti. Introspector inaivua is- ya ishara kwa kosa lile lile la kuona kiambishi pasipo na kiambishi.

Nitaje mengine mawili ambayo huwapotezea vijana usiku mzima. La kwanza ni vifupisho. Mbinu getTIN(), ya namba ya mlipakodi, kwa Introspector inatoa sifa TIN, kwa sababu herufi mbili za mwanzo zote zikiwa kubwa jina huachwa lilivyo. Jackson, kwa desturi yake ya kawaida, hushusha herufi kubwa zote za mwanzo na kutoa tin. Programu moja ikisoma kwa njia hii na nyingine ikiandika kwa njia ile, sehemu ya namba inabaki tupu na hakuna ujumbe wa kosa. La pili ni kwamba is inakubaliwa kwa boolean ya herufi ndogo peke yake. Ukirudisha Boolean yenye herufi kubwa, kwa sababu unataka kuruhusu pia jibu la “haijulikani”, Introspector inaipita mbinu yako kama haipo. Kuhusu ng’ombe, herufi ng’ haiwezi kuandikwa sawasawa katika jina la mbinu kwa sababu ya kile kialama chake, hivyo wafugaji watuvumilie na getIdadiYaNgombe.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya usafi wa majina tu, na atazame yaliyowapata watumiaji wa Spring, mfumo unaotumiwa kujengea huduma nyingi za mtandaoni zinazoandikwa kwa Java. Mtu akijaza fomu, Spring huchukua majina ya visanduku vilivyojazwa na kutafuta seta zenye majina hayo, na jina likiwa na nukta, kama anwani.mtaa, huita kwanza getAnwani() kisha setMtaa(). Ni rahisi na inapendeza. Tatizo ni kwamba kila objekti katika Java imerithi mbinu iitwayo getClass(), na kwa kanuni ile ile hiyo ni geta, kwa hiyo kila objekti ina sifa iitwayo class hata kama aliyeiandika hakuikusudia. Mwaka 2010 ilibainika kwamba mtu wa mbali angeweza kutuma kisanduku chenye jina linaloanza na class.classLoader, yaani kipakiaji cha klasi, na kufika ndani ya matumbo ya seva, ndipo Spring ikaiziba njia hiyo kwa kuikataa sifa classLoader inapotafutwa kwenye klasi.

Kizibo hicho kilidumu hadi Java yenyewe ilipobadilika. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, iliiongezea klasi mbinu mpya, getModule(), na moduli nayo ina getClassLoader(). Hakuna aliyeiandika mbinu hiyo kwa nia mbaya, ila jina lilianza na get, na hivyo njia mpya ikazaliwa kimya kimya: class.module.classLoader. Ilipojulikana, Spring ilitoa marekebisho, matoleo 5.3.18 na 5.2.20, tarehe 31 Machi 2022, na tundu lile likasajiliwa kwa namba CVE-2022-22965 katika orodha ya kimataifa ya matundu ya usalama. Katika shambulio lililosambaa wakati ule, wahalifu waliipitia njia hiyo kwenye seva ya Tomcat, wakabadilisha mipangilio ya faili la kumbukumbu za wageni, wakaifanya seva iandike kwa mkono wake yenyewe ukurasa unaopokea amri zao. Safari hii dawa haikuwa kuongeza jina jingine kwenye orodha ya yanayokatazwa. Waligeuza utaratibu, wakaruhusu sifa chache tu za jina la klasi na kukataa nyingine zote.

Nami nilirekebisha yangu. Mbinu ya namba niliitoa ndani ya Stakabadhi kabisa, nikaiweka kwenye klasi ya kihesabuji na kuiita toaNambariMpya(), jina ambalo hakuna maktaba itakayolidhania kuwa swali tu. Na tangu Java 16 ilipotuletea rekodi, yaani klasi fupi za kubeba data, stakabadhi zangu ni record Stakabadhi(int nambari, double kilo), ambamo mbinu za kusomea ni nambari() na kilo(), Kiswahili kitupu bila get. Introspector haizioni, lakini rekodi zina njia yao ya kujieleza, getRecordComponents(), inayotaja vipengele vilivyotangazwa na kuacha vingine. Mkaguzi nilimpelekea kumbukumbu za seva za mwezi mzima, nikampigia mstari kila namba iliyokosekana, naye akaikuta 1042, akaikuta 1044, na zote zilizofuata. Maelezo ya karani yaliondolewa kwenye jalada. Hata hivyo mama yule alianza tangu siku hiyo kuandika kila namba kwenye daftari la mkono, na sikuwa na uso wa kumwambia aache.

Ombi langu kwa mwandishi wa ukurasa wenu ni dogo. Kabla hajaendelea na somo linalofuata, awape wasomaji mistari hii waijaribu juu ya klasi yoyote waliyoiandika wenyewe: for (PropertyDescriptor p : Introspector.getBeanInfo(Stakabadhi.class).getPropertyDescriptors()) System.out.println(p.getName()), kisha walinganishe majina yanayotokea na nyuga walizozitangaza. Wataliona jina class ambalo hawakuliandika. Waongeze basi Object.class kama kipengele cha pili ndani ya mabano ya getBeanInfo, na jina hilo litatoweka, kwa kuwa ukaguzi utakoma kabla ya kufika kwa mzazi wa klasi zote. Majina yatakayobaki ni yao, na kwa kila moja wajiulize ni nani aliyeruhusiwa kuliona.

Wako,
Msomaji wenu na mwandishi wa programu,
Moshi